Nyumba Bila Kazi ni Mahame

Wiki hii mapenzi na viwalo tuviweke kando, tuongelee nyumba. Naam, nyumba!

Kule Uingereza, matajiri wa zamani walikuwa na majumba makubwa vijijini. Vita vilipoingia, mengi yakageuzwa hospitali na shule. Baadaye kodi za urithi zikawabana wenyewe mpaka jasho likawatoka, mamia ya majumba yakabomolewa. Mengi yaliyopona ni yale yaliyopata kazi mpya: makumbusho, hoteli, shule. Kuna mabwana wanaokatisha watu tiketi huku wenyewe bado wanaishi humo humo!

Msicheke, maana na sisi tunayo yetu, pale Butiama, kilometa kama 45 tu kutoka Musoma. Panaitwa Mwitongo, na kwa Kizanaki jina hilo ni mahame, mahali palipohamwa. Lakini palivyo, si mahame hata kidogo. Palikuwa mji wa Chifu Nyerere Burito, aliyetawala kuanzia 1915 hadi alipofariki 1942. Mwanawe Julius alipong'atuka urais 1985, akarudi hapo hapo, akashika jembe, akalima mahindi kama mwanakijiji yeyote. Jeshi la Wananchi likamjengea nyumba kubwa, ila akaikaa kitambo kidogo tu, kwani 14 Oktoba 1999 alifariki London. Mwaka huo huo, yeye akiwa bado hai, makumbusho yake yalikuwa yameshafunguliwa Butiama. Leo Mwitongo ni kwao na familia, ni makaburi ya wazee, na ni darasa la wageni.

Sasa tuje kwenu. Babu kafariki, ng'ombe wameuzwa, bati zinaliwa na kutu, ninyi mko Mwanza na Dar mnagombana kwenye simu nani auze kiwanja. Kabla ya kuita dalali, kaeni chini mjiulize: ile nyumba ipewe kazi gani? Apangishwe mwalimu wa shule ya kijiji? Iwe chekechea? Iwe ghala la mahindi, na picha ya babu ukutani? Hela ya kiwanja mtaimaliza kabla ya Krismasi, halafu wanenu wakiuliza kwao ni wapi, mtawaonyesha nini? Risiti?

Tukijaaliwa, wiki ijayo tena!