Kitenzi Hakitembei Peke Yake

Napinga, tena hadharani, desturi ya kumfundisha Mchina kitenzi cha Kiingereza kwa kumpa neno moja la kwao na kumwambia: haya, kariri. Shahidi wangu ni kitenzi open.

Katika orodha za msamiati, open huwekwa mkabala na neno la Kichina kai. Kwa mlango na dirisha, ulinganifu huo hauna dosari. Lakini kai ina mikono mirefu: Mchina huitumia pia kwa taa, kwa gari, kwa mkutano, hata kwa daktari anayemwandikia mgonjwa dawa. Mwingereza ana kitenzi mbali kwa kila kimoja: taa ni turn on, gari ni drive, mkutano ni hold, dawa ni prescribe. Basi mwanafunzi anaposema open the light, hakukosa akili. Amejumlisha sawasawa tarakimu alizopewa. Ajabu ni kwamba aliyempa tarakimu ndiye anayempiga wino mwekundu!

Waswahili tusicheke. Wangapi miongoni mwetu husema "fungua redio", ilhali redio haina komeo?

Na kosa la taa ni dogo, kwani msikilizaji huelewa. La hatari ni lile lisiloonekana. Mchina akisema we opened a meeting, sarufi imenyooka na mwalimu anatia vema. Kumbe kwa kai alikusudia kwamba walifanya mkutano, wakajadiliana wakamaliza; Mwingereza amesikia kwamba waliufungua tu, kama sisi tunavyomwalika mgeni rasmi kufungua mkutano. Maana imepotea, wala hapana aliyeshtuka.

Wapo watakaonijibu kwamba mwanzo sharti uwe mwepesi. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nimeisikia hoja hiyo, na sijaikubali. Wepesi si ruhusa ya kudanganya. Kuna uzito gani kumpa mwanafunzi kitenzi pamoja na mwenziwe: open the door, turn on the light, drive a car, hold a meeting? Ni maneno machache zaidi ya kukariri leo, na makosa mengi pungufu ya kung'oa kesho.

Washairi mnalijua hili kuliko wote: neno hupimwa kwa jirani zake katika mshororo. Kwa nini basi mwanafunzi wa lugha apewe neno lililotengwa na jirani zake, kisha alaumiwe kwa kutowajua?