Anayenunua droni ya sinema apige kwanza hesabu ya kibali

BIDHAA ikishuka bei, wanunuzi hujaa dukani. Ndivyo ilivyokuwa kwa simu za mkononi, na ndivyo ilivyo sasa kwa droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani ambazo wengine huziita ndege nyuki. Januari 2013 kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, ilitoa Phantom ya kwanza kwa dola 679 za Marekani, bila kamera. Mnunuzi alijitafutia kamera na kuifunga mwenyewe chini ya tumbo la chombo. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikaja Mavic Mini yenye uzito wa gramu 249, kamera ikiwa ndani yake, kwa dola 399. Novemba 2021 ikafuata Mavic 3 kwa dola 2,199, na picha zake zinafaa kabisa kuonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema.

Kabla ya hapo mtayarishaji wa filamu aliyetaka kuonyesha mji kutoka juu alikuwa na njia mbili: kukodi helikopta kwa bei ambayo ingemaliza nusu ya bajeti yake, au kuomba ruhusa ya kupanda juu ya ghorofa refu kuliko yote mtaani.

Hapo ndipo wenye mtaji mdogo walipoona mlango. Hesabu yao ni fupi: nunua droni moja, ikodishe kwa watengenezaji filamu wa kujitegemea wasio na uwezo wa kununua yao, na baada ya miezi sita fedha imerudi. Hesabu hiyo ina kasoro. Inahesabu chombo na kusahau kitu ambacho mteja makini anakilipia hasa, yaani haki ya kukirusha mahali fulani, siku fulani, bila kukamatwa.

Marekani inatoa funzo zuri kwa sababu soko la huko lilifunguliwa hatua kwa hatua. Filamu ya James Bond ya mwaka 2012, Skyfall, ilitumia droni katika mbio za pikipiki juu ya mapaa ya Istanbul, Uturuki. Wakati huo, ndani ya Marekani kwenyewe, kurusha droni kwa malipo hakukuruhusiwa. Tarehe 25 Septemba 2014 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo ilizipa kampuni sita za picha za angani msamaha maalumu. Masharti yalikuwa mazito: mrushaji awe na leseni ya urubani, chombo kisitoke machoni pake, kisiruke nje ya eneo la upigaji picha lililofungwa, kikaguliwe kabla ya kila safari, na usiku kisiruke kabisa.

Kwa miezi michache kampuni hizo ziliuza kitu adimu. Droni zenyewe zilikuwa madukani na kila mtu angeweza kununua, lakini wenye karatasi walikuwa wachache, na aliyetaka picha halali alilazimika kugonga mlango wao. Baadaye misamaha ikaongezeka, na Agosti 29, 2016 zikaanza kutumika kanuni mpya zilizomruhusu mtu yeyote aliyefaulu mtihani wa nadharia kurusha chombo chenye uzito usiofika kilo 25, kwa kawaida chini ya futi 400. Leo waliopata cheti hicho ni zaidi ya watu 300,000. Bei ya siku moja ya kukodi droni pamoja na mrushaji ikafuata njia ya bidhaa yoyote ambayo kila duka linayo.

Afrika Mashariki ilipita njia tofauti. Kenya ilitangaza mwaka 2015 kwamba hakuna droni itakayoruka bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi. Kanuni zikatolewa mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka 2018, na nyingine zikatoka mwaka 2020. Kwa miaka mitano yote hiyo mfanyabiashara wa Nairobi aliyetaka kuwekeza katika picha za angani hakujua kama anaagiza kitendea kazi au kitu cha kunyang'anywa uwanja wa ndege. Wakati huo huo, kila aliyetazama video za muziki aliona picha za kutoka juu. Soko lilikuwepo, ila halikuwa na stakabadhi.

Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mrushaji anahitaji kibali cha mamlaka hiyo na idhini ya upande wa ulinzi. Filamu yenyewe inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Anayetaka tembo na twiga ndani ya hifadhi za taifa aombe TANAPA, na anayevuka kwenda Zanzibar hukuta taratibu nyingine zikimsubiri. Hakuna ubaya wa serikali kutaka kujua nani anarusha nini juu ya bandari, kambi na uwanja wa ndege. Tatizo la mfanyabiashara ni muda. Filamu ya kujitegemea hupigwa kwa siku chache, pengine kumi na tano, huku waigizaji, mafundi wa taa, mpishi na dereva wakila na kulala kwa gharama ya mtayarishaji. Barua ikichelewa wiki moja, dakika mbili za picha ya angani zinakuwa ghali kuliko mandhari nyingine zote za filamu hiyo.

Sasa zije tarakimu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweke zake. Chukulia chombo, betri tatu, vichujio vya mwanga, begi na ushuru vimemgharimu mwekezaji shilingi milioni 8. Toleo la Mavic la mwaka 2018 lilipitwa na la mwaka 2021, na hilo likapitwa na la mwaka 2025, hivyo ni busara kusema chombo kina miaka mitatu kabla wateja hawajaanza kukiita cha zamani. Milioni 8 kwa miezi 36 ni kama shilingi 222,000 kwa mwezi. Siku moja ikikodishwa kwa shilingi 300,000, mrushaji akachukua 150,000 na usafiri 40,000, mwenye mali anabaki na 110,000. Anahitaji siku mbili za kazi kila mwezi ili kurudisha bei ya chombo tu, kabla ya bima, kibali, matengenezo na faida.

Siku mbili kwa mwezi zinaonekana chache. Lakini filamu moja ya kujitegemea huhitaji droni siku moja au mbili katika ratiba yake yote, kwa hiyo mwekezaji anahitaji filamu mpya kila mwezi, yenye fedha taslimu, na isiyo na binamu mwenye droni. Ndiyo maana wengi walioingia kwa ajili ya sinema wanaishi kwa harusi.

Halafu jirani ananunua yake na kukodisha kwa 200,000. Gharama ya mrushaji na usafiri haijabadilika, na mwenye mali sasa anabaki na shilingi 10,000. Anahitaji siku 22 kila mwezi kufidia kile ambacho awali kilifidiwa na siku mbili. Hapo anaanza kukata gharama. Cha kwanza kukatwa ni bima, cha pili ni mrushaji mwenye uzoefu, ambaye nafasi yake inachukuliwa na kijana wa nyumbani, na cha tatu ni kibali.

Hasara ya hatua hiyo humwangukia zaidi mtayarishaji. Mnunuzi wa filamu wa nje, awe kituo cha televisheni au msambazaji wa intaneti, hataki kununua kesi. Kabla ya kulipa hudai mikataba ya waigizaji, haki za muziki na vibali vya mahali palipopigwa picha. Mtu aliyeweka akiba ya miaka mitatu katika filamu ya dakika tisini anaweza kujikuta anatafuta karatasi ya dakika mbili za picha za pwani, na aliyezirusha alishabadilisha namba ya simu. Akizikata, anapoteza alichokilipia. Akiziacha, huenda akapoteza mnunuzi.

Na je, picha zenyewe zina thamani hiyo? Watayarishaji wengi hapa wameifanya droni kuwa kama kilemba cha bwana harusi: filamu haianzi mpaka mji uonekane kutoka juu, daraja, magari, bahari, kisha ndipo hadithi ishuke ardhini kwa watu wawili wanaogombana sebuleni. Sauti ya ugomvi wenyewe haisikiki vizuri kwa sababu fedha ya maikrofoni ilipanda juu na droni. Mtazamaji husamehe filamu isiyo na picha ya angani. Asiposikia maneno, hubadilisha chaneli.

Tofauti ilionekana katika filamu ya Kifaransa ya Ladj Ly, Les Misérables, iliyogawana Tuzo ya Jopo la Waamuzi huko Cannes mwaka 2019. Humo droni ni ya mtoto wa mtaani, na ndiyo inayonasa polisi wakitenda kosa. Hadithi isingesimama bila picha za juu, kwa hiyo kila shilingi iliyowekwa hapo ilikuwa na kazi. Mtayarishaji mwenye bajeti ndogo ajiulize swali hilo kabla ya kupiga simu ya kukodi.

Kwa mwenye milioni 8 mkononi, njia ya busara zaidi ni kujiunga na wengine wanne au watano. Kampuni moja yenye droni mbili, mrushaji mwenye leseni, bima, na karani anayezijua ofisi za vibali inaweza kutoza bei ya juu kwa haki, kwa kuwa inampa mteja picha pamoja na faili la karatasi zake. Kampuni hiyo isitegemee sinema peke yake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kuvipima visiwa kwa droni, ikiwafundisha urushaji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kazi za upimaji, mashamba na ukaguzi wa majengo hudumu miezi, na zinaweza kuilipia kampuni siku ambazo hakuna filamu.

Upande wa serikali, kinachohitajika ni kibali cha siku chache kwa vyombo vidogo, chenye ada inayojulikana na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Mtayarishaji akijua kwamba jibu, liwe ndiyo au hapana, litatoka ndani ya siku kumi, ataweza kupanga ratiba yake na atakuwa na sababu ya kulipa ada badala ya kujificha.

Waagizaji wa Kariakoo nao waangalie vipuri. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa, na kila droni iliyouzwa itahitaji nyingine kabla haijafa. Sheria za mashirika ya ndege humruhusu abiria kubeba betri ya akiba isiyozidi saa-wati 100 ndani ya mzigo wa mkononi tu, na kuanzia hapo hadi 160 kwa idhini ya shirika. Kusafirisha maboksi yake kama shehena ni kazi nyingine, yenye masharti ya mizigo ya hatari. Atakayelipa gharama hiyo na kuziweka kabatini betri halisi pamoja na pangaboi za akiba, hasa kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba, ambapo anga ni kavu na wapiga picha wengi wako kazini, huenda akauza kwa wamiliki wote wa droni mjini bila yeye kununua droni hata moja.