Ubao Mzuri Hutafutwa Wapi?
Rai kwa mwalimu wa kazi za mikono

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha kazi za mikono huulizwa maswali mengi juu ya vifaa. Je, anajua kunoa patasi? Je, anajua kupima pembe mraba? Je, anaweza kuunga mbao mbili bila misumari? Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali moja linaloyatangulia yote, nalo ni nadra kusikika vyuoni: ubao wenyewe utatoka wapi, na nani atakayeutafuta?

Nionavyo mimi, kutafuta ubao ni sehemu ya somo, tena ni sehemu yenye elimu nyingi kuliko zote. Mwalimu anayewaagiza watoto waje na "mbao nzuri" pasipo kuwafundisha namna ya kuzitafuta amelipunguza somo lake nusu kabla hajaingia darasani. Na asipoangalia, atawaumiza baadhi ya watoto bila kukusudia.

Nitaanza na kosa, nalo ni langu mwenyewe.

Katika miaka yangu ya kwanza ya ukufunzi niliwaandikisha wanachuo orodha ya mbao zinazofaa kwa visanduku vidogo: mninga, mvule, mkangazi, mtiki na mpingo. Orodha hiyo nilikuwa nimeinakili kutoka daftari langu nilipokuwa mwanachuo, na mkufunzi wangu bila shaka aliinakili kutoka daftari lake. Hakuna uongo ndani yake, kwani miti yote mitano ni mizuri. Kosa ni kwamba sikujiuliza ni mtoto gani wa kijiji cha Karagwe atakayeipata. Mninga tunaouona kwa maseremala hutoka zaidi katika misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi. Mpingo hukua polepole mno, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya masharti pamoja na jamii yake yote. Mtiki ni mti wa mashamba makubwa ya kupandwa. Kwa mtoto wa Bugene, orodha ile ilikuwa sawa na orodha ya bei.

Basi mwanachuo wangu mmoja alikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule ya kijiji, akapewa Darasa la Sita. Aliandaa somo la kutengeneza sanduku dogo la kuwekea kalamu. Siku ya Ijumaa aliwaagiza watoto waje Jumatatu na mbao nzuri, akawasomea ile orodha. Jumatatu hiyo nami nilikuwapo, nimeketi nyuma ya darasa na fomu yangu ya ukaguzi.

Watoto watatu walikuwa na vipande vya mninga vilivyonunuliwa. Wengi walikuwa na vibao vya makasha ya bidhaa, vingine vikiwa bado na misumari yenye kutu. Mvulana mmoja alileta ubao mpana, mkavu, wenye alama za bawaba, siku mbili baadaye bibi yake alifika shuleni, akasalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Mwalimu, mlango wa banda la mbuzi wangu umekwisha kuwa sanduku?" Msichana mmoja alileta kipande cha shina la mbuni mzee, kirefu kama mkono wa mtu, kikiwa bado na gome lake. Mwalimu alikitazama akamwambia akipeleke jikoni, kwa sababu zile ni kuni.

Msichana yule alitii. Hakuleta kipande kingine. Kwa majuma yote yaliyobaki aliketi akiwashikia wenzake mbao walipokuwa wakikata. Nami katika fomu yangu, chini ya kichwa cha matayarisho, nilimpa mwanachuo alama nzuri.

Jioni ile nilipita jikoni, nikakikuta kipande kile hakijachomwa, nikakiomba kwa mpishi. Nilikiweka chumbani kwangu miezi kadhaa kikauke, kisha nikakipasua katikati kwa msumeno na kukipiga randa. Ndani yake mlikuwa na ubao wa rangi ya siagi, mgumu, wenye nyuzi laini zilizosongamana kiasi kwamba ukipitisha kidole huzihisi. Karibu na kiini ilipita mistari ya hudhurungi. Nimeshika mininga mingi, lakini kwa kazi ndogo ya mkononi sijauona ubao uliopita ule. Ndipo nilipotambua kwamba katika darasa lile mtoto mmoja tu ndiye aliyetafuta. Wengine walinunua, au waliomba, au walibomoa. Yule aliyetafuta ndiye aliyerudishwa jikoni.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba shule isijitenge na maisha ya kijiji. Hatuwezi kulisema hilo mdomoni huku orodha zetu za vifaa zikimwambia mtoto kwamba kizuri ni kile kitokacho mbali.

Yafaa ikumbukwe ya kwamba sanduku dogo si kabati. Sanduku lenye urefu wa sentimita 15, upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 6 linahitaji, kwa kuta zake nne, ubao wa urefu wa sentimita 55 hivi na unene usiozidi sentimita moja. Kitako na kifuniko ni vipande viwili vifupi zaidi. Seremala wa milango hutupa vipande vya namna hiyo kila siku. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza visanduku hana haja ya mti mzima, na pengine hana haja ya kukata mti wowote. Ana haja ya jicho.

Tazama basi kilichopo katika kibanja cha kawaida hapa petu. Mibuni mizee hukatwa vishina ili ichipue upya, na mashina yake huishia mekoni. Mfenesi uliong'olewa na upepo hutoa ubao wa manjano unaong'aa, ambao kwa kukaa na mwanga hugeuka hudhurungi iliyoiva. Mushambya, unaopandwa mipakani na kukatwa kwa nguzo, hutoa ubao mwepesi kufanyiwa kazi. Mpera na mchungwa ni myembamba, lakini ni migumu na nyuzi zake ni laini, nayo yafaa kwa vifuniko na vishikio. Mgrevilea, uliotoka Australia na kuenea Afrika Mashariki kama mti wa kivuli katika mashamba ya kahawa na chai, una siri yake. Ukiupasua ovyo ni ubao wa kawaida tu. Lakini ukiupasua kwa kuelekeza msumeno kutoka gome hadi kiini, hutokea madoa yanayometa kama hariri. Mtoto anayeliona jambo hilo kwa macho yake hatasahau kwamba uzuri wa ubao hutegemea pia namna ulivyopasuliwa.

Mahali pa pili ni mabanzi na vipande vinavyobaki kwa wapasuaji mbao na katika karakana za maseremala wa Omurushaka na Kayanga. Mahali pa tatu ni vitu vilivyokwisha kazi yake: kitanda kilichovunjika, mchi uliopasuka, kinu kilichotoboka. Hapo ndipo panapohitajika somo la adabu, kwa sababu ya yule bibi na mlango wake.

Ningependa sasa kupendekeza utaratibu. Somo la sanduku lianze mwezi Januari, na msumeno uguse kazi yenyewe mwezi Juni. Mwezi wa kwanza uwe wa kutafuta. Watoto wagawanywe katika vikundi vya watano au sita, na kila kikundi kilete kipande kimoja pamoja na habari zake. Kabla kipande hakijapokewa, kikundi kijibu maswali matano: Ni cha mti gani, na mti huo huitwaje kwa Kinyambo na kwa Kiswahili? Ni cha nani, na nani aliyeruhusu kichukuliwe? Mti ulikatwa au ulikufa kwa sababu gani? Kimekauka au kibichi? Nyuzi zake zinakwenda upande gani? Mtoto aliyejibu maswali haya amekwisha jifunza lugha, uraia, sayansi na kazi, naye hajashika patasi.

Swali la tatu lisichukuliwe kwa wepesi. Ugonjwa wa mnyauko wa mibuni uligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1997, nao umeangamiza mashamba mengi. Mbuni uliokufa kwa mnyauko hung'olewa na kuchomwa palepale shambani, wala haubebwi, kwa maana kuubeba ni kuueneza ugonjwa. Kwa hiyo mtoto achukue shina la mbuni mzima uliokatwa kwa uzee tu, na mkulima mwenyewe athibitishe hivyo. Vilevile watoto wasitumwe msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya vibali kwa ukataji wa miti na usafirishaji wa mazao yake, na mwalimu hana ruhusa ya kumfanya mtoto mvunja sheria kwa ajili ya sanduku la kalamu.

Miezi inayofuata iwe ya kukausha. Ncha za kipande zipakwe nta au mabaki ya mshumaa, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi nchani na kuupasua ubao. Kipande kipasuliwe vibao vya unene wa sentimita moja na nusu, ili kibaki kiasi cha kupigwa randa. Vibao vipangwe kivulini, penye hewa, na vijiti katikati yake. Kila Ijumaa vipimwe kwa mizani. Kibao kilichokuwa na gramu 520 kikafikia gramu 400 na kusimama hapo kwa majuma matatu kimekwisha kauka kwa kadiri ya hewa ya mahali pale. Gramu 120 zimepotea, nazo ni asilimia 30 ya uzito wa sasa. Hesabu ya asilimia inayofundishwa kwa njia hiyo haihitaji viboko.

Mwishoni ifike siku ya kuchagua. Watoto wakipige kibao randa kidogo, kisha wakipake maji kwa kidole. Rangi inayojitokeza penye unyevu inakaribia ile itakayoonekana sanduku likipakwa nta ya nyuki. Wakiweke karibu na dirisha, wakigeuze, wabishane. Mwalimu asiseme kipi kizuri. Awaulize kwa nini wamekichagua hicho, na asubiri jibu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema muda hautoshi, kwani kipindi ni dakika 40 na darasa lina watoto 60. Namjibu kwamba kutafuta hufanyika njiani na nyumbani, kukausha hufanywa na hewa, na kupima kwa mizani huchukua dakika chache za somo la Hisabati. Wa pili atasema kwamba mninga na mpingo ni mizuri kweli, na mtoto wa kijijini ana haki ya kuviona vitu vizuri vya nchi yake. Huyo nakubaliana naye. Mwalimu na awe na kipande kimoja cha kila mti huo katika sanduku lake la vielelezo, watoto wakishike, walinganishe uzito na rangi. Lakini kielelezo ni kitu kimoja, na sharti la kushiriki somo ni kitu kingine. Wa tatu ataulizia usalama, naye asikilizwe kuliko wote. Upasuaji wa magogo ufanywe na fundi au mwalimu. Misumari yote ing'olewe katika mbao kuukuu kabla ya randa kupita. Na vumbi la msasa lisivutwe, hasa la mgrevilea, ambalo huweza kuwasha ngozi.

Liko pia pingamizi la nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kazi ya mbuni na mfenesi ni kazi ya kimaskini. Wazee wa Karagwe waliochonga vyombo vya mbao vya kuhifadhia maziwa hawakuagiza mti kutoka ng'ambo. Walijua mti gani haupasuki, upi haunuki, na upi hukatwa wakati gani. Maarifa hayo yangali kwa baadhi ya babu na majirani wa watoto wetu, na hayamo katika daftari la mkufunzi. Kutafuta ubao ni njia mojawapo ya kuyafikia kabla wenyewe hawajaondoka.

Kipande cha mbuni nilichokitoa jikoni nilikitengenezea sanduku dogo. Katika mkoa wetu mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, na sanduku hilo ndilo ninaloziwekea. Kila mwaka nalipeleka darasani, nawauliza wanachuo ni mti gani. Hutaja mninga mweupe, hutaja misonobari, hutaja miti ya Ulaya. Ni wachache wanaotaja mbuni, ingawa wengi wao walikulia chini ya kivuli chake. Kisha nawasimulia habari za msichana yule. Siwezi kumrudishia majuma aliyoketi bila kazi. Ninachoweza ni kukuomba wewe, ndugu mwanachuo, kwamba siku mtoto atakapokuletea kitu chenye gome, kabla hujakiita kuni, ukipasue kwanza.