TAHARIRI: Kijiti Alivuka Bahari, Mashahidi Wakaingia Gerezani



Bila shaka wapo miongoni mwenu watakaoshangaa kuona ukurasa huu, uliozoeleka kwa habari za ibada, madrasa na malezi ya vijana, unamzungumzia mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Mshangao huo ni haki yao. Maulamaa wamehitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki na sauti ya mwanamke mbele ya wanaume: Imamu Ghazali alikuwa na kauli yake yenye masharti, Ibn Taymiyya naye alikuwa na kauli yake iliyo kali zaidi, na sisi wa Nyabusozi si watu wa kuitatua khitilafu hiyo kwa kurasa chache. Wala hatuandiki ili kumfungulia kijana yeyote mlango wa ngoma za usiku. Tunaandika kwa sababu ndani ya wimbo mmoja wa bibi huyo kuna kesi ya mauaji, na katika kesi ile kuna jambo linalotuhusu sisi wakazi wa Ngara na Biharamulo kuliko tunavyodhani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu waliotoka katika utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavitembeza mitaani akivinadi kwa sauti. Inasemekana hapo ndipo watu walipoanza kuitambua sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati huo ilikuwa mambo ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu, tangu siku za Sayyid Barghash aliyempeleka mtu wake Misri kujifunza ala. Siti aliitoa huko akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi na wauza samaki wa Ng'ambo, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani. Wenye wivu walimtungia nyimbo za kumkumbusha alikotoka. Aliwajibu kwa wimbo pia, akaendelea na safari yake hadi alipofariki dunia mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na si kila mwimbaji aliyeandikiwa wasifu na mkono kama ule.

Katika nyimbo zake za awali umo ule uitwao Kijiti. Habari yake haikuwa ya kubuni. Mwanamke mmoja, mgeni aliyetoka Dar es Salaam, naye akiwa mjamzito, alifika Unguja kutembea. Kijiti akatoka naye matembezini, akamwingilia kwa nguvu na kumwua. Baadaye Kijiti akavuka bahari akakimbilia Tanganyika. Waliobaki Unguja ni wanawake waliokuwa pamoja na yule mgeni, waliokwenda mahakamani kusema walichokijua. Katika matembezi yale palikuwa na pombe, na wimbo wenyewe haulifichi hilo. Jaji wa enzi ile ya himaya ya Kiingereza, asiye na muuaji mbele yake, akawatia gerezani mashahidi.

Siti na wenzake walilichukua jambo hilo wakalifanya wimbo, na sahani za santuri zikaupeleka mbali kuliko kuta za mahakama. Hapo ndipo penye mzozo. Wapo wanaosema kwamba maiti hatungiwi wimbo wa kuchezesha watu harusini, na kwamba aibu ya mwanamke aliyekwisha kufa ilistahiki kusitiriwa. Hoja hii si nyepesi, nasi tunaiheshimu, maana sitara ni katika mafundisho yetu. Wapo pia wanaosema kuwa wanawake wale walijitakia, kwani walikwenda mahali wasipotakiwa kwenda, wakiwa na kinywaji wasichotakiwa kunywa. Hoja hii ya pili ndiyo tunayotaka kusimama nayo kidogo, kwa sababu tunaisikia hapa kwetu kila siku, misikitini na nje ya misikiti.

Pombe ni haramu, hatuna la kuongeza wala kupunguza. Lakini ni wapi sheria ya Mwenyezi Mungu iliposema kuwa damu ya aliyeuawa hupungua thamani kwa dhambi ya jirani yake? Katika Suratul Baqara, aya ya 282, mashahidi wanaamrishwa wasikatae wanapoitwa, na aya hiyo hiyo inakataza shahidi na mwandishi wasidhuriwe. Amri hizo mbili zimewekwa pamoja. Sisi hupenda kuisoma ile ya kwanza tu. Tunamhimiza jirani aseme aliyoyaona, kisha akisema tunamgeukia: ulikuwa unafanya nini pale, saa ile, na ulikuwa na nani? Jaji yule hakuwa Muislamu, na hakuwa na hiyo aya. Sisi tunayo.

Msomaji wa Ngara hahitaji kusafiri hadi Unguja ili aelewe maana ya muuaji kuvuka mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na Benaco ikawa mji kabla ya wiki kwisha. Wengi mno walikuwa watu wanaokimbia kifo. Lakini wamo waliokuwa wameua, nao wakachota maji kisima kimoja na wajane. Wenyeji wetu waliokuwa wakifanya kazi kambini wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakizungumza kwa kunong'ona. Aliyejua hakuthubutu kusema, kwa kuwa aliyetajwa alikuwa hema la pili. Bahari ya Kijiti ilikuwa na maji mengi, mto wetu ni mwembamba, lakini kazi vilivyofanya ni moja.

Ndipo Umoja wa Mataifa ulipoweka mahakama Arusha, katika nchi hii yetu. Tulikuwa na manung'uniko juu ya mahakama ile, ya gharama zake na ya mwendo wake wa kobe, na hatuyafuti. Hata hivyo jambo moja ililitenda ambalo mahakama ya Unguja haikulitenda. Katika kesi ya Akayesu, iliyohukumiwa tarehe 2 Septemba 1998, wanawake walitoka Rwanda wakaeleza waliyofanyiwa na waliyoyaona, wakitajwa kwa herufi badala ya majina ili wasije wakadhuriwa warudipo makwao. Kwa ushahidi wao, kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa iliamua kwamba kunajisi kunaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Hakuna aliyewapeleka gerezani kwa kusema.

Mwaka huo huo wa 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, baada ya kelele nyingi za wanawake, wakiwamo waandishi wa habari wa TAMWA, ambao jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakuliokota jina hilo njiani. Na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Karatasi, basi, tunazo. Kinachokosekana ni sisi. Ni mara ngapi shauri la binti aliyeharibiwa limemalizwa barazani kwa mbuzi na kreti ya soda, wazee wakipeana mikono, na mama aliyesimama kusema ukweli akanyimwa hata salamu kisimani? Maimamu walikuwamo katika baadhi ya mabaraza hayo. Tunaliandika hili kwa uchungu, si kwa kumfedhehesha yeyote.

Tunawaomba maimamu na walimu wetu wa Ngara na Biharamulo waiweke aya ile ya 282 katika khutba, yote, si nusu. Tunawaomba kinamama wa msikiti wafuatane na shahidi wa kike anapokwenda kituoni na mahakamani, asiende peke yake. Na kamati za misikiti zikatae kukaa katika kikao chochote cha kuyasuluhisha makosa ya namna hii nje ya sheria, hata kikao hicho kikiitwa na mtu mkubwa.

Siti amekwisha kwenda kwa Mola wake, na hesabu yake iko Kwake. Bi Kidude, aliyezipokea nyimbo zake, Kijiti ukiwamo, na kuzifikisha katika karne hii, naye alifariki mwaka 2013. Wimbo ungali unaimbwa. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni la Kijiti. Yule mgeni wa Dar es Salaam, na mtoto aliyekuwa tumboni mwake, watu wanawajua kwa kifo chao tu.