Mafuta Yafaayo kwa Meza ya Jikoni

Meza ya mbao iliyomo jikoni haina siku ya mapumziko. Hukatiwa nyama na mboga, hukandiwa unga, humwagikiwa mchuzi na kuoshwa kwa maji asubuhi na jioni. Ubao usiopakwa kitu hunywa yote hayo. Huvimba unapolowa, husinyaa unapokauka, na mwishowe hupasuka. Katika nyufa hizo mabaki ya chakula na vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo hupata maficho. Ndiyo sababu mbao za jikoni hupakwa mafuta. Lakini kipakwacho mezani huweza kufika sahanini. Kwa hiyo inampasa mama mwenye nyumba amwulize fundi habari za mafuta yake kabla kopo halijafunguliwa.

La kwanza kukataliwa ni mafuta machafu ya injini. Watu huyapaka nguzo za ua na mbao za paa kwa kuwa ni rahisi na huzuia mchwa. Mafuta hayo yamebeba madini mazito na masizi yawezayo kuleta saratani, wala hayatoki kwa kuoshwa. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa nazo zisitumike kutengenezea meza ya chakula. Baadhi ya dawa hizo, hasa zile ziupazo ubao rangi ya kijani, zina aseniki, ambayo ni sumu kali.

Wengine hukimbilia chupa ya mafuta ya kupikia, wakidhani kwamba kinacholiwa hakiwezi kudhuru ubao. Mafuta ya alizeti, ya pamba na ya karanga hayakauki vizuri. Hubaki yakinata, huvuta vumbi, na baada ya muda huchacha na kutoa harufu mbaya. Mawese huongeza doa jekundu. Mafuta ya nazi huchelewa kuharibika, nayo yanafaa kwa mwiko na kibao kidogo. Ila hayakauki, na maji ya moto huyaondoa upesi.

Yaliyo bora ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mafuta mabichi ya mbegu za kitani, yasiyochanganywa na kitu. Haya hunywa hewa, yakaganda ndani ya ubao na kuwa magumu. Hukauka polepole, pengine kwa siku nyingi. Yale yaitwayo ya kuchemshwa, yauzwayo katika maduka ya rangi, mara nyingi hutiwa kobalti au manganizi ili yakauke haraka; yasinunuliwe kwa kazi hii, isipokuwa kopo limeandikwa wazi kuwa yanafaa mahali pa chakula.

Ya pili ni parafini nyeupe ya maji iuzwayo katika duka la dawa, ile inywewayo na mwenye kufunga choo. Haina rangi, harufu wala ladha, wala haichachi. Mnunuzi aangalie sana asipewe mafuta ya taa, ambayo katika nchi nyingine huitwa parafini vilevile, nayo ni sumu. Kwa kuwa parafini hii ya dawa haikauki, hupakwa tena kila mwezi. Ikichanganywa na nta ya nyuki, sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta, hudumu zaidi. Chombo cha mchanganyiko kiwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisiwekwe juu ya moto wenyewe.

Kabla ya kupaka, meza ioshwe, iachwe ikauke siku nzima, kisha isuguliwe kwa msasa kwa kufuata nyuzi za ubao. Mafuta yapakwe membamba, na ncha za mbao ziongezwe, kwani hunywa zaidi. Baada ya nusu saa yaliyobaki juu yafutwe. Mafuta ya kitani yapakwe mara 3, kila mara baada ya yale ya kwanza kukauka.

Hapa pana hatari isiyojulikana na wengi. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kurundikwa pembeni, hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yalowekwe majini, au yatandazwe nje mojamoja mpaka yakauke.

Ili kujua kama meza inahitaji kupakwa tena, tone la maji lidondoshwe juu yake. Likisimama kama lulu, mafuta yangalimo. Likizama na kuacha weusi, wakati umefika. Hata hivyo mafuta hayaui vijidudu. Meza iliyokatiwa nyama mbichi ni lazima isuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha ikaushwe. Akiba ya fedha iliyopatikana kwa mafuta ya bure ya gereji hailipi tumbo la mtoto: rahisi ni ghali.