Ushauri wa kamera kwa mkazi wa Arusha, si kwa mtalii

Kijana yeyote wa Arusha akisema anataka kuanza kupiga picha, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kutafuta lenzi ndefu. Ataambiwa hivyo na madereva wa watalii, na wapagazi waliobeba mabegi ya wageni mlimani, na video za watu waliokuja Serengeti wiki mbili wakarudi kwao. Kwa mtu mwenye wiki mbili na gari linalofunguka paa, ushauri huo ni mzuri. Kwa mtu anayeishi Sakina au Usa River mwaka mzima, anayepanda daladala na kulipwa mshahara wa dukani, ni hasara tupu, na pesa za vijana zinazidi kuteketea humo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na picha napiga mwisho wa wiki kwa kupenda tu. Hivi karibuni alinijia binti anayeuza duka la dawa Kijenge. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Nimedunduliza mpaka nimefikisha milioni moja na nusu. Ninunue kamera gani?" Alikuwa ameshaonyeshwa lenzi ya milimita 70-300 na kuambiwa kwamba bila hiyo hatapata kitu. Nikamuuliza anataka kumpiga nani. Akafikiri, akataja bibi yake wa Poli, wadogo zake, na Mlima Meru. Simba hakumtaja.

Nikamwambia anunue bodi iliyotumika ya kawaida kabisa, kama Canon 1300D au Nikon D3200, na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Hata kamera ya kwanza ya mpigapicha Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na baadaye akaionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, ilikuwa Box Brownie ya mkononi kwa mtu, aliyoinunua akiwa mtoto. Megapikseli 18 za hiyo 1300D zinachapisha picha ya ukubwa wa kalenda ya ukutani bila shida yoyote. Pesa iliyobaki iende kwenye mwanga. Hapo fizikia ni nyepesi: lenzi ya f/1.8 ikifunguliwa yote inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta ile mpaka mwisho ambako inaishia f/5.6. Jiko la bibi wa Poli lina dirisha moja na moshi wa kuni. Mara kumi hizo ndizo zitakazotofautisha uso wa bibi na kivuli.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawautaji. Bodi za Nikon za aina ya D3200 na D5300 hazina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa lenzi ya 50 ya zamani, ile isiyoandikwa AF-S, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Na kabla hujatoa hela, ichomoe lenzi, ielekeze kwenye mwanga, uichungulie kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na haitoki kwa kitambaa. Kisha piga picha ya anga tupu kwa f/16 uikuze kwenye kioo cha kamera: madoa yanayorudi palepale katika kila picha ni vumbi lililoshika sensa. Vumbi la sensa husafishika, kwa hiyo lifanye sababu ya kushusha bei. Kuvu ni sababu ya kuondoka. Sisi wa miteremko ya Meru tunaijua kuvu vizuri kwa sababu ya ukungu na baridi ya Juni na Julai. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, usivitupe, viweke kwenye begi la kamera.

Sasa mlima. Mlima wa mita 4,566 ulioegemea mji hauhitaji lenzi ya kuvuta, unahitaji kuamka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kilele kimeshapata jua, na siku nyingi kufika saa nne wingu limekaa juu yake. Anayetaka picha kubwa zaidi aende kwenye maziwa ya Momella. Kasoko ya Meru imebomoka upande wa mashariki, kwa hiyo jua likichomoza linaingia ndani moja kwa moja na kuangaza ule ukuta wa mwamba pamoja na koni ya majivu. Lenzi ya 18-55 inatosha kabisa. Ziwani, kwa heroe, nakubali, lenzi fupi haitoshi. Ila heroe wanaweza kusubiri mpaka ujipange.

Momella ndiko Howard Hawks alikopigia sehemu ya filamu yake ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akiwa mwigizaji mkuu. Dunia iliona vifaru na twiga. Pembeni kidogo ni Ngarenanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao na kuchoma nyumba zao ili ardhi hiyo wapewe walowezi, mpaka msemaji wao, Kirilo Japhet, akasafiri mwaka 1952 kwenda kulisema jambo hilo Umoja wa Mataifa. Waliokuwa watoto siku ile nyumba zinachomwa, sasa wana miaka zaidi ya 75. Nani ana picha zao nzuri, za kukaa nao chini kwa utulivu, mwanga wa dirisha ukiwa usoni? Kazi hiyo ni ya lenzi ya 50 na ya mtu anayejua kusalimia kwa Kimeru. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuifanya hata akiwa na vifaa vya dola elfu kumi.

Swali la pili la yule binti lilihusu programu ya kuediti. Fundi mmoja alikuwa amempa flashi yenye Photoshop iliyokrekiwa. Nilimsihi asiichomeke. Programu za namna hiyo hubeba virusi, na virusi vikiingia vinaweza kuondoka na picha zako zote. Najua kwa nini watu wanazikimbilia: mwaka 2017 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba hata Lightroom, programu yao nyingine ya kuediti, haitatoka tena toleo jipya la kununua mara moja, sasa ni malipo ya kila mwezi. Lakini Darktable na RawTherapee ni za bure kihalali, zinafungua faili za RAW (picha ghafi za kamera), na zinafanya karibu kila kitu anachokihitaji mtu wa kiwango chetu. Darktable inataka kompyuta yenye nguvu kiasi, RAM ya GB 8 ndiyo inayostahimilika. Asiye nayo aanze na Snapseed kwenye simu, ambayo nayo ni ya bure.

Kwenye kuediti kuna jambo linaloniuma kuliko bei. Nendeni mkatazame picha za harusi na kipaimara zinazotoka studio zetu. Sura zimepaukishwa mpaka bibi harusi hafanani na mama yake. Tatizo hili lina historia: Kodak kwa miaka mingi ilipima rangi za filamu kwa kadi ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley. Sisi hatuna sababu ya kuliendeleza kwa mikono yetu. Kamera yenyewe hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu. Shela jeupe likijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na uso mweusi unazama. Dawa ni kitufe cha +/-: ongeza hatua moja wakati wa kupiga, usisubiri kuja kuupaka uso weupe kwenye kompyuta. Kwenye Darktable pandisha mwanga wa picha, rangi ya ngozi iache kama ilivyo. Weusi wa mzee wa Kimeru aliyelima migomba miaka hamsini una kahawia, una bluu kidogo kwenye paji la uso asubuhi, na ndio uliokufanya uinue kamera.

Katika ile milioni moja na nusu, tenga ya diski ya nje kabla ya kufikiria begi zuri au stendi. Nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kisha chapisha. Mpe nakala uliyempiga, na nyuma andika kwa penseli jina, kijiji na mwaka. Makumbusho ya Azimio la Arusha na yale ya Elimu Viumbe pale Boma yako mjini hapahapa. Ninayaomba yatenge ukuta mmoja kwa picha za wakazi, nasi tutazileta zikiwa zimeshachapishwa.