Faili la Mgonjwa ni Ushahidi

Mfanyakazi wa ujenzi huanguka kutoka ghorofani pale Mtumba, akavunjika nyonga, nasi tukaandika katika faili lake maneno matatu tu: "Maumivu ya nyonga." Mfupa tumeutibu, haki yake tumeiacha mlangoni.

Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Asilimia hiyo haitokani na huruma ya daktari. Hutokana na maandishi: aliumia lini, akifanya kazi gani, kiungo kinakunjika kiasi gani sasa. Dai nalo lina ukomo wa miezi 12 tangu ajali, na wapo waendao Kongwa kuuguzwa na ndugu, wakarejea kliniki mwaka umekwisha pita.

Wenzangu hulalamikia foleni. Ni kweli, ni ndefu. Lakini sentensi moja ya ziada huchukua nusu dakika. Nawe mgonjwa, tunza fomu ya PF3 uliyopewa, karatasi ya kuruhusiwa wodini na picha za eksirei. Tena usimfiche daktari kwamba uliumia kazini, hata kama mwajiri amekuomba useme ulianguka nyumbani.